Neva imehifadhiwa lakini sauti imepotea: nani anasema kweli?

#1 Mtafuta_Jibu
Salaam, wakuu. Dada yangu alikuwa na uvimbe upande wa kushoto wa shingo, chini kidogo ya pembe ya taya, ambao kwa miaka mingi haukumuuma wala kumzuia kufanya lolote. Kilichotushtua ni kwamba kila alipoubonyeza alitoa kikohozi kikavu, na uvimbe wenyewe ulisogea kwa urahisi kwenda mbele na nyuma lakini uligoma kabisa kupanda au kushuka. Kipimo cha MRI kikasema ni uvimbe wa neva ya vagasi, ile neva ndefu inayoshuka kutoka ubongoni kupitia shingoni na kuendesha nyuzi za sauti. Ukatolewa, na maabara ikathibitisha kuwa ni shwanoma, yaani si saratani.

Karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa inasema waziwazi kwamba neva imehifadhiwa. Hata hivyo aliamka na sauti yenye hewa nyingi kuliko maneno, na hadi sasa, miezi kadhaa baadaye, hupaliwa kila anapokunywa maji kwa haraka.

Dai langu ni hili: neva ikihifadhiwa, kazi yake nayo huhifadhiwa. Kama kazi imepotea, basi neva ilikatwa na tumefichwa. Mwenye hoja ya kunipinga anipinge kwa hoja, si kwa kunipa pole.

#2 Babu_Mkongwe
Mleta mada ametoa hukumu kwanza, ndipo anaita mashahidi. Ngoja tuone kama kuna atakayethubutu kupanda kizimbani.

#3 Kisu_na_Uzi
Nitapanda mimi, kwa kuwa shingo ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Shwanoma huota kutoka kwenye seli zinazoufunika uzi wa neva, ambazo zimepewa jina la Theodor Schwann. Kwa kawaida huanzia kwenye kifungu kimoja tu cha nyuzi, kisha hukua ukiwa na ganda lake na kuvisukuma pembeni vifungu vingine vyote. Matokeo yake ni kwamba ukifika kwenye uvimbe huoni neva ikiwa imesimama kando yake. Unachokiona ni uvimbe mviringo, wa kijivu unaoelekea njano, na juu ya uso wake kuna nyuzi nzima zilizotandazwa zikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Hizo ndizo zinazobeba sauti ya mgonjwa. Daktari huzunguka na kichokoo cha umeme mdogo akitafuta mahali ambapo mashine haitoi mlio, kwa maana kwamba hapo hakuna nyuzi zinazofanya kazi, kisha huchana ganda kwa urefu, sambamba na mwelekeo wa neva, na kuutoa uvimbe kutoka ndani. Ganda lenyewe, pamoja na nyuzi zilizo juu yake, hubaki mwilini.

Kwa hiyo aliyeandika kwamba neva imehifadhiwa huenda alisema kweli tupu: hakuikata. Lakini nyuzi zilizovutika kwa miaka, zikabanduliwa kutoka kwenye uvimbe na pengine zikapata joto la kifaa cha kuzuia damu, zinaweza kuzima ilhali kwa macho zinaonekana nzima. Neva iliyo nzima kwa umbo na neva iliyo nzima kwa kazi ni mambo mawili tofauti, na karatasi ile imezungumzia la kwanza tu.

#4 Bintimsomi
Naongezea kwenye bandiko la #3. Mwaka 1943 daktari Herbert Seddon wa Uingereza aliyagawa majeraha ya neva katika madaraja matatu. La kwanza, neurapraksia, ni pale neva inapoacha kupitisha taarifa ingawa nyuzi zake hazijakatika; hili hupona lenyewe, mara nyingi ndani ya wiki chache au miezi michache. La pili, aksonotimesisi, nyuzi za ndani hukatika lakini mrija unaozibeba hubaki, hivyo huota upya polepole zikiufuata mrija huo. La tatu, neurotimesisi, neva yote imekatika. Mleta mada anafikiria daraja la tatu peke yake, kana kwamba mawili ya kwanza hayapo.

#5 Mlinda_Usingizi
Kabla ya kumtwisha daktari wa upasuaji mzigo wote, tukumbuke kwamba mgonjwa huyu alipitishiwa mpira wa kupumulia katikati ya nyuzi za sauti. Mpira ukiwa mkubwa, au puto lake likijazwa kupita kiasi, unaweza kubana matawi madogo ya neva ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na hata kuteguka kwa kigegedu kidogo kinachoendesha uzi wa sauti kumewahi kuripotiwa. Nimeona sauti zikipwelea baada ya upasuaji wa goti, mahali ambapo hakuna aliyeikaribia shingo.

#6 Kisu_na_Uzi
Mkuu Mlinda_Usingizi, nakubali kwamba mpira huweza kuleta hayo, ila hauelezi kwa urahisi kule kupaliwa. Zoloto huhisi maji kupitia neva ya juu ya zoloto, ambayo huchipuka kutoka kwenye vagasi juu kabisa, karibu na fundo la chini la neva hiyo. Mpira haufiki huko. Mtu aliyepoteza mwendo wa uzi wa sauti na papo hapo akapoteza hisia ya koo ameguswa juu, si ndani ya zoloto.

#7 Mlinda_Usingizi
Uzi wa sauti usiofunga vizuri unatosha wenyewe kumfanya mtu apaliwe, hata kama hisia ipo. Hoja yako ina nguvu, lakini haijalifunga jalada.

#8 Sauti_ya_Pili
Niruhusuni nizungumze kama mtu aliyekatwa kweli. Uvimbe wangu nao ulikuwa wa vagasi, upande wa kulia. Daktari aliniambia mapema kwamba nyuzi zilikuwa zimeingiliana na uvimbe na huenda asingeweza kuzitenganisha, na ndivyo ilivyokuwa: alikata kipande, akaunganisha ncha mbili kwa kipande cha neva kilichotolewa nyuma ya mguu, kile kinachokuacha na ganzi pembeni mwa unyayo na si zaidi ya hapo.

Uzi wangu wa sauti wa kulia haujatikisika hata mara moja tangu siku hiyo. Lakini sauti ilirudi kwa sehemu kubwa, jambo ambalo lilinichanganya hadi nilipoelezwa kwamba nyuzi zilizoota upya hufika kwenye misuli bila mpangilio, zile za kufungua zikaingia kwenye misuli ya kufunga na kinyume chake, hivyo misuli haiendi popote ila haisinyai. Inabaki imejaa na kukaa karibu na katikati, na uzi wa pili unaufuata hapo. Ninachotaka mleta mada akione ni kwamba kukatwa hakumaanishi kunyamaza milele, kama vile kuhifadhiwa kusivyomaanisha kuimba keshoye.

#9 Jicho_Moja
Kwangu mambo yalikuwa ya namna nyingine. Picha zilisema vagasi. Kisu kilipofika kikakuta ni mnyororo wa neva za simpathetiki, zile zinazoendesha mambo yasiyo ya hiari kama jasho na ukubwa wa mboni, nyuma ya ateri ya karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Nilipoamka sauti ilikuwa salama kabisa, ila kope la kushoto lilikuwa limeshuka, mboni ya jicho hilo imekuwa ndogo kuliko ya pili, na nusu ya uso haitoi jasho. Ndizo dalili za Horner.

Hilo la kope nimelizoea. Ambalo sikuambiwa na mtu ni maumivu ya tonge la kwanza. Kila ninapoanza kula, mara meno yanapokutana kwa mara ya kwanza, maumivu makali kama shoti hupiga mbele ya sikio, kwenye tezi ya mate. Tonge la pili huuma kidogo, la tatu kidogo zaidi, kisha ninakula kama watu wengine. Nikikaa saa kadhaa bila kula, yanaanza upya. Hata kufikiria kitu kichachu kunatosha kuyaamsha. Daktari mmoja alinitazama kana kwamba ninatunga hadithi.

#10 Bintimsomi
Dada Jicho_Moja, hukutunga. Hali hiyo ilipewa jina lake mwaka 1986. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba tezi ya mate inapopoteza neva zake za simpathetiki, seli zinazoikamua huwa nyepesi mno kuitikia amri ya neva za parasimpathetiki, zile zinazochochea mate, hivyo hujikamua kwa nguvu kupita kiasi tonge linapoanza. Wengi hupungukiwa na maumivu kadiri muda unavyokwenda. Wengine husaidiwa na dawa za maumivu ya neva au sindano ya sumu ya botulinamu kwenye tezi yenyewe.

Kuhusu dalili za Horner, daktari wa macho Mswisi Johann Friedrich Horner alizieleza kwa binadamu mwaka 1869, ingawa Claude Bernard wa Ufaransa alikuwa amekwisha kuziona kwa wanyama kabla yake.

#11 Picha_Nyeusi
Jicho_Moja amenichokoza, kwa kuwa mimi ndiye hukaa na hizo picha.

Kanuni tunayoitumia ni hii: vagasi hupita katikati ya ateri ya karotidi na vena kubwa ya jugula, ile inayorudisha damu kutoka kichwani, kwa hiyo uvimbe wake huitenganisha mishipa hiyo miwili, ateri ikaenda ndani na vena ikaenda nje. Mnyororo wa simpathetiki uko nyuma ya yote mawili, kwa hiyo uvimbe wake huisukuma mishipa mbele ikiwa pamoja. Ukikuta ateri ya karotidi imepanuliwa pale inapogawanyika matawi mawili, unaanza kushuku paraganglioma, uvimbe wenye damu nyingi ambao hakuna mtu mwenye akili atakayetaka kuuchana akidhani ni shwanoma.

Kanuni hiyo husaidia sana, lakini haiapi. Uvimbe ukishakuwa mkubwa huzisukuma jirani zake popote penye nafasi, na nimeona za simpathetiki zilizoitenganisha mishipa kama vagasi. Ndiyo maana mgonjwa huombwa kukubali madhara ya neva zote mbili kabla ya kusaini, si ya ile iliyoandikwa kwenye ripoti peke yake.

#12 Mtafuta_Jibu
Kwa nini basi hawakukata kinyama kwanza na kukipima, ili wajue wanaingia kwenye neva gani?

#13 Kisu_na_Uzi
Kinyama hukuambia ni uvimbe wa aina gani, hakikuambii umeota kwenye neva ipi. Zaidi ya hapo, sindano nyembamba mara nyingi hurudi na chembe zisizotosha kutoa jibu, na kwa wengine huleta maumivu makali yanayopiga mbali, ambayo yenyewe ni dokezo. Kuuchana uvimbe ili kuchukua kipande ndiko kubaya zaidi: unaweza kukata zile nyuzi nyembamba nilizozieleza, na kovu linalobaki huzigandisha kwenye ganda, hivyo atakayekuja baadaye kuutoa uvimbe wote atakosa njia ya kupita.

#14 Babu_Mkongwe
Nimewasoma wote, na swali langu ni la mzee asiye na haraka. Uvimbe haukuuma, haukuzuia pumzi, haukuwa saratani. Ulikuwa umekaa hapo miaka mingi kama mpangaji asiye na kelele. Nani aliamuru ufukuzwe?

#15 Bintimsomi
Swali la Babu si la mzaha. Shwanoma nyingi za shingo hukua polepole sana, milimita chache kwa mwaka, na zingine hukaa bila kubadilika. Kugeuka kuwa saratani ni nadra mno. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, au anayeishi kwa sauti yake, kupigwa picha kila baada ya muda na kuacha kisu mezani ni tiba halali, si uzembe.

#16 Kisu_na_Uzi
Ni halali, ila ina upande wa pili. Kadiri uvimbe unavyokua ndivyo nyuzi juu ya ganda zinavyozidi kutandazwa na kukonda, na ndivyo unavyopanda kuelekea chini ya fuvu, mahali ambapo mkono haufiki kwa raha. Anayesubiri hadi apate dalili huenda akafanyiwa upasuaji mgumu kuliko ule aliouahirisha. Tena wakati mwingine damu huvuja ndani ya uvimbe, au unajaa maji, ukatutumka kwa siku chache na kuwatisha watu wote.

#17 Babu_Mkongwe
Kwa hiyo asipokatwa anahatarisha, akikatwa anahatarisha. Nimeelewa kwa nini uzi huu ni mrefu.

#18 Mama_Mlezi
Naomba kurekebisha jambo kabla msomaji mwingine hajaondoka na matumaini yasiyo yake. Maelezo ya bandiko la #3 ya kutoa uvimbe na kuacha ganda yanahusu shwanoma. Mwanangu ana neurofibroma, na huko hakuna ganda la kuchana: nyuzi za neva hupita katikati ya uvimbe wenyewe, zimetawanyika humo, hivyo kuutoa wote ni kuitoa neva pamoja nao. Wake ni ule wa aina ya pleksifomu, umetambaa shingoni kwenye neva nyingi kwa pamoja na kuizunguka mishipa mikubwa ya damu.

Chanzo ni hitilafu ya jeni katika kromosomu ya 17, ugonjwa unaoitwa NF1, ambao humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Karibu nusu yao hawana mzazi mwenye ugonjwa huo, na mwanangu ni mmoja wao. Kwake upasuaji haukuwa wa kuponya; ulipunguza sehemu iliyokuwa inabana njia ya hewa, basi. Mwezi Aprili 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya selumetinibu kwa watoto wa kuanzia miaka 2 wenye uvimbe wa aina hiyo usiofaa kukatwa. Haiuondoi uvimbe, lakini kwa wengi huupunguza, na kwa mtoto anayekoroma kwa shida usiku, upungufu kidogo ni usingizi wa nyumba nzima.

#19 Kisu_na_Uzi
Mama_Mlezi amesema kweli yote, nami naongeza onyo moja. Kwa wenye NF1, uvimbe wa neva unaoanza kukua kwa kasi, unaouma hata mtu akiwa amepumzika, au unaoleta udhaifu mpya wa mkono, uchunguzwe mara moja. Hatari ya kupata saratani ya ganda la neva katika maisha yao inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 8 na 13, na huko kanuni hugeuka kabisa: hatuhifadhi neva tena, tunakata kwa upana. Kwa sababu hiyo hiyo mionzi huepukwa kwao kadiri inavyowezekana.

#20 Mtafuta_Jibu
Shukrani. Nimerudi na taarifa mpya. Daktari mwingine amepitisha kamera puani akaona uzi wa sauti wa kushoto haujongei, umesimama kando. Aliyemfanyia upasuaji, nilipomuuliza, alikumbuka kwamba uvimbe ulipanda juu hadi karibu na fuvu, na kwamba walilazimika kusimama zaidi ya mara moja kwa sababu mapigo ya moyo yalishuka ghafla. Mashine ya kufuatilia neva haikutumika siku hiyo.

#21 Mlinda_Usingizi
Hapo sasa. Vagasi ndiyo neva inayoupunguzia moyo kasi. Unaweza kuwa umekaa kimya kichwani pa mgonjwa, mlio wa moyo unakwenda sawasawa, mara unaanza kuachana: mmoja, kimya, mmoja, kimya kirefu. Unamwambia daktari aondoe mkono. Akiuondoa, moyo unarudi, na usiporudi unachoma atropini, dawa ya kuuharakisha moyo. Kushuka huko kunaonyesha kwamba neva ilikuwa inavutwa au kubanwa. Pia kunaonyesha kwamba ilikuwa bado inapitisha taarifa wakati huo, hivyo haikuwa imekatwa. Mimi naondoa hoja yangu ya mpira na kuweka ya kuvutwa.

#22 Picha_Nyeusi
Taratibu. Mapigo hushuka pia kwa kuguswa pale karotidi inapogawanyika, bila vagasi kuvutwa hata kidogo. Na kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza: je, nyuzi zake za sauti zilitazamwa kwa kamera kabla ya upasuaji? Uvimbe unaweza kuudhoofisha uzi wa sauti polepole kwa miaka, uzi wa upande wa pili ukajifunza kuvuka katikati na kuufidia, na mtu akazungumza vizuri tu. Halafu upasuaji ukimalizia kilichobaki, wote tunasema sauti imepotea siku hiyo.

#23 Mtafuta_Jibu
Hakutazamwa. Walimsikiliza akizungumza, wakaridhika.

#24 Kisu_na_Uzi
Basi hoja ya Picha_Nyeusi haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na hilo ni kosa la maandalizi kuliko la kisu. Mimi bado naegemea kwenye mahali penyewe: juu, karibu na fundo la neva, nyuzi za sauti na za hisia ya koo zimesongamana katika nafasi ndogo, na damu inayozilisha hupita kwenye utando uleule tunaoubandua. Unaweza kuacha kila uzi mahali pake na ukazinyima damu zote.

#25 Sauti_ya_Pili
Wakati mnabishana, dada wa watu anapaliwa. Anywe kidogo kidogo, kidevu kikiwa kimeshuka, na ajaribu kugeuza uso kuelekea upande uliolegea, yaani kushoto, anapomeza. Hilo huibana njia ya upande dhaifu na kuyapeleka maji upande wenye nguvu. Mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza atamwongoza, kwa kuwa si kila koo hukubali mkao uleule. Na aulizie sindano ya kuujaza uzi wa sauti ili usogee katikati. Ni ya muda, haifungi mlango wowote.

#26 Bintimsomi
Naafiki, na nashauri asikubali kuwekewa kwa sasa kipandikizi cha kudumu cha kuusukuma uzi wa sauti katikati. Nyuzi za neva huota kwa takriban milimita 1 kwa siku, na vagasi ya kushoto hushuka hadi kifuani, tawi lake likazunguka chini ya upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ndipo lipande tena hadi kwenye zoloto. Kutoka chini ya fuvu, njia hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja.

#27 Kisu_na_Uzi
Hapo tunatofautiana, Bintimsomi. Hesabu yako ni sahihi kwa daraja la pili la Seddon, lakini katika safari ndefu kiasi hicho nyuzi nyingi hufika zikiwa zimepotea njia, kama alivyoeleza Sauti_ya_Pili, na mwendo wenyewe haurudi. Mgonjwa ambaye maji yanaingia mapafuni hapaswi kuhesabiwa milimita. Afanyiwe kwanza kipimo cha umeme wa misuli ya zoloto. Kikionyesha nyuzi zinarudi, tusubiri tukiwa na sindano. Kikionyesha kimya kitupu katika misuli yote ya kushoto, kipandikizi cha mtindo aliouasisi daktari Mjapani Isshiki mwaka 1974 kinaweza kuwekwa mapema, tena hutolewa pale kisipohitajika.

#28 Bintimsomi
Kipimo hicho kikifanywa mapema kinaweza kumtia hofu bure, na kikichelewa sana hakibadilishi uamuzi. Mtafuta_Jibu, upasuaji ulifanyika lini hasa, na je, kamera ilionyesha mate yakituama upande wa kushoto?